Mbuzi Aliyevuka Mpaka Ameshiba

Palikuwa na Sultani mmoja, Mwinyi Dachi, tumbo mbele yeye nyuma. Nchi yake na nchi jirani ziliungana, na Umoja huo ulikuwa na sheria zake. Nani azisome? Maalim Badawi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kazi yake ilikuwa kumshauri Sultani sheria za Umoja zinasemaje. Lakini wapi! Sultani akitamani kitu, Maalim alikitafutia kifungu.

Siku hiyo Sultani alitamani supu ya mbuzi. Na mbuzi aliyenona kuliko wote alikuwa wa Bi Kazija, mjane wa mpakani, maskini wa kila kitu isipokuwa maneno. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyokuwa yakimlea mjukuu wake. Mbuzi akienda, mtoto analala na njaa. Askari wakawakokota wote wawili, bibi na mbuzi, hadi barazani. Mpishi naye alishafika na kisu chake.

"Mbuzi wako alivuka mpaka," akasema Maalim, "akala majani ya jirani, akarudi ameshiba. Sheria ya Umoja inataka mali yote itokayo ng'ambo ikaguliwe. Majani yamo tumboni. Tumbo lipasuliwe!"

"Makubwa! Na nyama je?"

"Itahifadhiwa jikoni kwa Sultani."

Bi Kazija akajishika kiuno. "Maalim, sheria hiyo ni ya mbuzi peke yao?"

"Ni ya kila chenye tumbo!" Maalim akavimba. "Sheria ya Umoja haina mkubwa wala mdogo. Hata Bwana Mkubwa ameitia sahihi!"

"Haya." Akamgeukia Sultani kwa heshima zote. "Bwana Mkubwa, nasikia jana ulikwenda ng'ambo kwa wakwe zako. Walikukirimu, au walikupa maji tu?"

Jamani! Kwao, ukiulizwa hivyo ukanyamaza, umewatukana wakwe. Sultani akaruka kitini.

"Maji? Mimi? Nimekula sinia zima la biriani! Kuku, sambusa, halua! Mpaka sasa napumua kwa taabu!"

Maalim akakohoa. Akakonyeza. Akakohoa tena. Sultani hana habari.

"Na ulirudi nayo yote, Bwana Mkubwa?"

"Yote! Hata punje sikubakisha!"

Bi Kazija akachukua kisu mkononi mwa mpishi, akamkabidhi Maalim.

"Haya baba, anza na huyo aliyeshiba zaidi. Mimi na mbuzi wangu tutasubiri zamu yetu."