Kona za Kushoto

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana kisa hiki nakisimulia mara moja tu. Jibu lake sina. Nimekuja kulitafuta kwenu.

Kijijini Kwembago, kwenye milima ya Usambara, walikuwapo watu watatu. Mama Tunu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na kwa masikio yale angeweza kukwambia injini ina ugonjwa gani kabla haijakatiza mbele ya mlango wake. Ngoda, dereva wa bodaboda, alijaliwa kumbukumbu: kila kona ya barabara ya hospitali aliijua kwa jina, na yaliyompata kwenye kila kona hakuyasahau. Wa tatu alikuwa fundi Mbelwa. Kipaji chake kilikuwa mikononi; waya mwembamba kama unywele aliuunga ukashika.

Siku moja Mbelwa alimfungia Ngoda taa mpya ya pikipiki. Nyaya zinazopita chini ya usukani akazikusanya na kuzifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu, kama wafanyavyo mafundi wote wa huko. Kabla ya kukaza, fundi hugeuza usukani kulia na kushoto aone kama nyaya zina nafasi. Mbelwa hakugeuza. Alikuwa akibishana na wateja habari za mpira wa Jumapili, akakaza huku anacheka, akasema, "Tayari, ondoka!"

Tangu hapo pikipiki ikaanza kukata moto. Si kila mara, na hapo ndipo ilipowachosha. Njiani ilishtuka, ikazima, kisha ikawaka yenyewe. Ikifikishwa kwa fundi na kuwekwa kwenye stendi, ilinguruma kama imetoka dukani. Mbelwa alibadili plagi mara mbili. Ilipomshinda, akasema mbele ya watu, "Ngoda, tatizo ni petroli yako ya chupa. Unauziwa maji." Maneno hayana breki. Abiria wakaanza kumkwepa Ngoda, na Mbelwa aliona, akanyamaza, kwa kuwa neno "sijui" lilikuwa zito mdomoni mwake.

Basi, adhuhuri moja Ngoda alikuwa akimkimbiza hospitali Mwantumu, mke wa Shekiondo, uchungu umeshamshika. Pikipiki nyingine zilikuwa zimeshuka mnadani. Kufika kwenye kona iliyo mbele ya mashine ya Mama Tunu, injini ikazima, na safari hii ikakataa kuwaka. Mwantumu akaketishwa juu ya magunia ya mahindi, kajishika kiuno. Mbelwa, ambaye karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, akaja mbio, akapiga magoti na kuanza kufungua kabureta.

"Acha hiyo!" Mama Tunu akamkemea. "Nimeisikia inavyopanda. Injini ikikosa mafuta hulegea kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia. Hii imekatika ghafla. Huo ni umeme, fundi."

Mbelwa akaiacha kabureta, ambayo ingemla nusu saa nzima. Lakini umeme una nyaya nyingi, na mama yule hakuwa na muda. Aanzie wapi?

Ngoda ndiye aliyemwonyesha. "Nikipanda, inakata hapa na kona ya Tanuri. Nikishuka, inakata kwa Bi Saumu na Mgombani. Zote hizo napinda kushoto. Nilikwambia juzi, fundi, ukanijibu nikanunue petroli safi."

Mbelwa akageuza usukani kushoto hadi mwisho, vidole vikazifuata nyaya mpaka chini ya usukani. Vikakuta ukanda wa mpira. Waya mmoja ulikuwa umevutwa mpaka umekatika ndani ya ganda lake: usukani ukinyooka ncha zinagusana, ukipinda kushoto zinaachana, na safari hii hazikurudiana. Ule mkazo aliutambua. Ulikuwa wake.

Nyuma yake Mwantumu aliguna, "Nisaidie, baba, nakufa." Mbelwa hakuweza kugeuka kumtazama. Aliunga waya, akaufunga upya kwa nafasi, na ule ukanda akautupa jalalani kabla mtu hajauliza.

Pikipiki ikawaka na kupanda bila kusita. Mwantumu alijifungua mtoto wa kike muda mfupi baada ya kufika, kitovu kimemzunguka mtoto shingoni. Mkunga alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza.

Kwa furaha, Shekiondo akatangaza kwamba aliyeiponya pikipiki ndiye atakayempa mtoto jina. Kwembago hilo si jambo dogo. Anayekupa jina huwa mzazi wako wa pili, na huitwa katika kila shauri lako hadi siku ya posa. Mbelwa na mkewe hawakujaliwa mtoto. Aliitamani heshima ile, na kila alipoitamani aliona haya. Wiki nzima watu walimpa mkono, "Fundi, una mikono ya baraka!" naye akaitikia, kisha akaharakisha kurudi karakanani.

Siku ya saba mtoto akatolewa nje kupewa jina.

"Bila masikio yangu mngekuwa bado mnaosha kabureta," alianza Mama Tunu.

"Na bila kona zangu mngekuwa mnapekua nyaya hadi leo," Ngoda akadakia. Watu wakacheka.

"Lakini aliyeunga ni fundi," alisema Shekiondo, na macho yote yakamgeukia Mbelwa.

Mbelwa akasimama. "Niliunga nilichokikata mwenyewe. Nyaya nilizifunga mimi, vibaya. Petroli ya Ngoda haikuwa na kosa lolote."

Kicheko kikakatika. "Wiki tatu naitwa mnunuzi wa maji," alisema Ngoda, "leo ndiyo unasema?"

"Hata hivyo amesema," Mama Tunu akamjibu polepole. "Angenyamaza, nani angejua?"

Mwantumu alimgeukia fundi. "Uliniketisha kwenye magunia, na wewe ndiye uliyeniinua," alisema. "Mimi sijui nikushukuru au nikulaani."

Shekiondo akawageukia wote watatu. Na kwa desturi yao, mtoto akishatolewa nje harudishwi ndani bila jina. Mama yake yuko pale kizingitini, amempakata, jua linawaka, anasubiri. Haya, ninyi mliokaa hapa: kati ya watatu hao, mngemwita nani asogee ampokee mtoto na kumpa jina?