Moto wa Tupokigwe

Moto wa kisasi hauivishi chungu. Mmeisikia leo kanisani, wajukuu zangu, na mnataka kujua imetoka wapi. Basi methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa aliishi mjane aitwaye Tupokigwe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Lusekelo, kijana mpole aliyemchimbia udongo na kumkatia kuni. Jirani yao Asegelile alikuwa mtu wa ng'ombe. Siku moja ng'ombe wake mmoja, jike jeusi mwenye pembe moja iliyovunjika, hakuonekana zizini. Asegelile akaenda mahakamani, akashika Biblia, akaapa kwamba alimwona Lusekelo akimswaga ng'ombe huyo kuelekea milimani. Lusekelo akafungwa, na kabla kifungo hakijaisha, homa ikamuua hukohuko.

Tupokigwe akamzika mwanawe, akanyamaza. Alijua kijana hakuiba, lakini kujua kwa mama si ushahidi.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, alikuwa akichoma vyungu uani pamoja na mama mkwe wake, Bibi Nsekela. Akaja mchinjaji mmoja kutoka ng'ambo ya mto kununua chungu. Katika kuzungumza akauliza habari za Asegelile.

"Yule aliniuzia ng'ombe mzuri," akasema. "Jike jeusi, pembe moja imevunjika. Akanisihi nimchinje upesi, hata sikuelewa kwa nini."

Alikuwa ng'ombe yuleyule. Mchinjaji alipoondoka, Tupokigwe aliinama, akachomoa kijinga cha moto chini ya rundo la vyungu. Nyumba ya Asegelile ilikuwa ya nyasi, na upepo wa ziwani ulikuwa ukivuma kuelekea huko.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" Bibi Nsekela akauliza.

"Unajua ninakokwenda, mama."

"Najua. Lusekelo alikuwa mjukuu wangu. Tangu mchinjaji yule aseme neno lile, mimi nami nimeshaichoma nyumba ile moyoni."

"Basi usinizuie."

"Sina nguvu za kukuzuia. Ila Mungu alisema kisasi ni chake. Hakusema tumsaidie."

"Mbona anakawia?"

"Sijui," akasema bibi kizee. "Nami humwuliza hivyo kila asubuhi. Halafu namwachia tena."

Kama angeambiwa anyamaze na kuvumilia, Tupokigwe angekwenda. Lakini jibu lile lilimshika miguu. Akasimama na kijinga chake mpaka moshi ukamwingia machoni. Alipogeuka, akaona upande ule alikochomoa kuni rundo limetitia, na vyungu viwili vimepasuka.

"Huo ulioushika ulikuwa moto wa vyungu," Bibi Nsekela akasema taratibu. "Umekwisha kuwa moto mwingine. Moto wa kisasi hauivishi chungu, Tupokigwe."

Akakirudisha kijinga mahali pake. Kisha akakaa chini, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

Jumapili alimwomba mchinjaji aje kanisani. Wazee wa kanisa wakamwita Asegelile, naye alipomwona mtu aliyemuuzia ng'ombe hakuweza kukana. Jina la Lusekelo likasafishwa mbele ya watu wote. Asegelile akatengwa na meza ya Bwana, akarudi nyumbani kwake. Ng'ombe wake waliendelea kunenepa na kuzaa, nyumba yake haikupigwa na radi. Wengine waliotazamia ajabu walivunjika moyo.

Tupokigwe aliendelea kufinyanga. Mke wa Asegelile alipohitaji chungu alikuja kwake, naye alimchagulia kisicho na ufa, kama alivyowachagulia wengine.

Miaka ikapita, akazeeka. Siku moja binti aliyekuwa akijifunza kazi kwake akamwuliza, "Bibi, hivi Mungu alikuja kumlipa yule mtu?"

Tupokigwe alikuwa akilainisha mdomo wa chungu kwa kidole. Hakuacha kazi.

"Sijui, mjukuu wangu. Nilipomwachia Mungu neno lile, sikubaki mlangoni kumchungulia. Nilikuwa na vyungu motoni, na moto wa kisasi hauivishi chungu."