Mtamba wa Maganda Matupu

Sogeeni, na anayependa kuhukumu asikilize mara mbili, maana nikifika mwisho sitakuwa na jibu. Jibu litakuwa kwenu.

Zamani, si zamani sana, ni enzi zile shilingi mia nane zilikuwa fedha za kuitishia mkutano wa kijiji, huko Litumbika katika milima ya Songea waliishi ndugu watatu wa tumbo moja, na kila mmoja alikuwa na lake.

Mkubwa, Kasian, alikuwa fundi saa. Mikono yake haikujua kutetemeka. Angeweza kuokota parafujo ndogo kama chawa kwa ncha ya kibano, akairudisha mahali pake huku akizungumza na mteja habari za mvua.

Wa kati, Osmunda, alikuwa na shabaha. Baba yao alikuwa mlinzi wa mashamba, na alipofariki, bunduki yake ya marisau yenye mtutu mmoja ilibaki kwa binti huyo, leseni ikaandikwa jina lake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, wala wa risasi nyingi.

Na kitinda mimba, Teofrida, alikuwa na macho. Wengine wakienda kutafuta uyoga walirudi na ungo nusu. Yeye alipita nyuma yao, njia ileile, akarudi na ungo umejaa.

Sasa kijiji kile kilikuwa kinateswa na nyani. Mwaka uliotangulia walikodi mlinzi kutoka mbali, wakamnunulia risasi mia mbili. Akazipiga zote hewani kabla mahindi hayajakomaa, kisha akafunga mizigo yake, nyani wakavuna. Watu walikula mihogo hadi Krismasi.

Kwa hiyo msimu ulipoanza, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Eradius Kapinga, aliwaita wale ndugu mbele ya mkutano.

"Hizi hapa shilingi mia nane," alisema. "Ni bei ya risasi mia mbili za dukani, kila moja shilingi nne. Osmunda, linda mashamba. Ndugu zako wakusaidie. Mahindi yakiingia ghalani salama, kitakachobaki ni cha yule aliyekibakisha."

Watu wakacheka. Tangu lini fedha ya risasi ikabaki?

Lakini Kasian hakucheka. Aliwahi kutengeneza saa ya mwindaji mmoja wa mjini, na huyo alikuwa akijaza risasi zake mwenyewe. Risasi ya marisau ikishapigwa, ganda lake la karatasi ngumu lenye kitako cha shaba hubaki. Ukiweka fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na marisau mapya, zile punje ndogo za risasi, ukafunga mdomo vizuri, unayo risasi tena. Kasian akapiga hesabu kwenye kipande cha boksi: ya dukani shilingi nne, ya kujaza shilingi moja na senti sabini na tano. Akaenda mjini, akaomba kibali, akainunua mashine ya mkono ya yule mwindaji kwa shilingi sitini.

Majirani wakasikia, mmoja akamtania. "Kasian, risasi si kiporo. Haipashwi moto ikaliwa kesho."

"Subirini," alijibu. Lakini moyoni alikuwa na wasiwasi, kwa kuwa shilingi sitini zilikuwa zimekwenda na hajajaza hata risasi moja.

Walianza na risasi mpya arobaini. Osmunda alikwenda shambani asubuhi, kitenge kiunoni, bunduki ikiwa imelazwa ndani ya tita la kuni. Mnajua nyani wanavyowadharau wanawake. Mwanamume akitokea umbali wa mtupo wa jiwe, kundi zima liko mitini. Mwanamke akitokea, wanamtazama tu, wanaendelea kumenya. Osmunda alikuwa akiinama kama anayepalilia, anasogea, anainama, anasogea, hadi hatua ishirini. Hapo ndipo alipotoa bunduki. Risasi moja, nyani mmoja, na kundi halikurudi upande ule siku nne. Asipokuwa na hakika, hakupiga. Kuna siku alitoka alfajiri akarudi adhuhuri na risasi zote mfukoni.

Teofrida alimfuata nyuma kuokota maganda. Msidhani ni kazi ya mchezo. Bunduki ile ilikuwa na tabia ya kulirusha ganda pembeni, likatua kwenye majani marefu, au kwenye mtaro, au chini ya majani ya maboga. Na ganda la karatasi likilala nje usiku mmoja hunywa umande, likavimba, likawa halifai tena. Kwa hiyo ilimbidi alipate siku ileile. Alisimama, akasikiliza mlio, akatazama mahali majani yalipotikisika, akaenda moja kwa moja. Nyumbani aliyapanga juani, akayageuza kama anayeanika dagaa, akayapapasa moja moja. Mabovu aliyakwaruza kwa msumari, akayatenga.

Na jioni Kasian alikaa kwenye meza yake ya saa, akajaza. Alipima baruti kama mama anayempimia mtoto dawa. Hakuvuta tumbaku chumba kile, wala hakuruhusu mtu amsemeshe. Risasi ya kwanza ya kujaza ilipolia kule bondeni siku iliyofuata, aliacha saa ya mteja imefunguka matumbo, akatoka nje kusikiliza. Ililia sawasawa na ya dukani. Siku hiyo alikula vizuri.

Mambo yakaenda hivyo hadi mahindi yalipotoa ndevu. Hapo Kasian akaingiwa na tamaa. Kila alipoona maganda yaliyokwaruzwa na Teofrida, aliona shilingi zikitupwa. Akachukua moja, akaligeuza, akaona si baya sana.

"Hilo lilinyeshewa, kaka," alisema Teofrida. "Nimelitenga."

"Limekauka. Wewe okota, mimi nijaze."

Akalijaza.

Kesho yake Osmunda alikuwa amesogea karibu na dume kubwa, lile lililokuwa likiongoza kundi. Lilipomwona na bunduki halikukimbia. Lilisimama kwa miguu minne, likaonyesha meno, likaanza kuja. Osmunda akavuta. Ikalia ta, basi. Unyevu wa lile ganda lililokwaruzwa ulikuwa umeingia kwenye baruti. Dume likasimama hatua saba kutoka kwake, likimtazama usoni.

Baba yao alimfundisha kwamba risasi iliyogoma inaweza kubadili mawazo, usiifungulie haraka. Basi Osmunda akabaki ameuelekeza mtutu kwa dume, asirudi nyuma hata unyayo, akahesabu moyoni hadi kumi, kisha hadi kumi tena. Ndipo akaitoa ile risasi taratibu, akaweka nyingine, akapiga.

Alipofika nyumbani alipita kwenye meza ya Kasian, akaiweka risasi iliyogoma katikati ya saa za watu.

"Hii ni yako, kaka," alisema, akaenda kunywa maji.

Kasian aliitazama, akauona mkwaruzo wa msumari. Alimfuata Teofrida uani, akamwambia, "Kuanzia leo, ulilolikataa wewe, mimi silioni." Na hakuligusa tena ganda lililokwaruzwa.

Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakaingia ghalani. Mwaka ule watu walipika pombe, na jirani yule wa maneno ya kiporo alikuja na kibuyu chake mwenyewe kuomba radhi.

Siku ya mkutano Kasian akasoma hesabu. Risasi mpya arobaini, shilingi mia moja na sitini. Mashine, sitini. Kujaza mara themanini, mia moja na arobaini. Jumla mia tatu na sitini. Zimebaki mia nne na arobaini.

Bei hiyohiyo ndiyo mzee mmoja wa kijiji jirani aliyokuwa akiuzia mtamba mwenye mimba. Wakamnunua. Lakini ni wa nani?

"Ni wangu," alisema Kasian kwa upole. "Zimepigwa risasi mia na ishirini. Zote zingekuwa za dukani, zingetumika mia nne na themanini, na fedha iliyobaki ingemnunua bila miguu ya nyuma."

"Mia na ishirini ni kwa sababu nilipiga mimi," alisema Osmunda. "Mlinzi wa mwaka jana alipiga mia mbili. Ningepiga kama yeye, hata kwa risasi zako zingebaki mia tatu tu. Risasi ya bei rahisi kuliko zote ni ile ambayo sikuipiga. Na kaka, jioni zote ulizokaa kujaza, saa za watu zimelala bila kutengenezwa. Hizo umezihesabu?"

Kasian akajikuna kidevu. Hakuwa amezihesabu.

"Mnasahau," alisema Teofrida. "Risasi mpya zilikuwa arobaini tu. Mlinzi wa mwaka jana hakurudisha ganda hata moja. Kaka, ungejaza nini? Na dada, siku niliposema ganda ni bovu nisisikilizwe, nusura tukuzike."

Mwenye kibuyu akasema, "Si wagawane tu?"

Mzee Eradius akatikisa kichwa. "Sikusema waliokibakisha. Nilisema aliyekibakisha. Mkutano mzima ulinisikia."

Wazee wakaenda kando, wakarudi wamegawanyika mafungu matatu. Wakaahirisha. Mtamba akafungwa uani kwa ndugu watatu, akazaa ndama jike mwenye baka kichwani. Kasian humkamua asubuhi, Osmunda humpeleka malishoni, Teofrida humtoa kupe, maana hakuna kupe anayeponyoka macho yake. Maziwa wanakunywa wote, na hawajawahi kugombana juu yake.

Ila wiki hii karani wa josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, amekuja na daftari lake. Kila ng'ombe anayeogeshwa lazima liandikwe jina la mwenye mali, na daftari lina nafasi ya jina moja. Ndama atafuata jina la mama yake, na wajukuu wake vilevile. Karani amekaa kwenye kigoda, amepewa maziwa, amekunywa, amefuta mdomo, na kalamu iko mkononi. Ndugu watatu wanatazamana, wanacheka.

Basi ninyi mliosikiliza, mmewaona wote: aliyelijaza ganda, aliyeliokota, na aliyejizuia kupiga. Karani anasubiri. Je, wewe ungemwambia aandike jina la nani?