Hodi ya Mbwarali

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, meli moja ilikaa nje ya bandari ikingoja gati, hata mwani na vijichaza vikaota tumboni mwake. Ngojangoja ile! Nahodha Kombo alishinda akiitazama bandari kwa darubini na kusonya.

Kwanza tumbo hilo lilikwanguliwa na Mbwarali, mzamiaji. Kabla hajaikaribia rafadha, lile pangaboi la kusukuma meli, alipiga hodi kwa nyundo: ngo, ngo, ngo. Tsuma, fundi wa injini, alimwitikia kutoka ndani: ngo, ngo, ngo. Yaani karibu, injini imelala. Asipoitikiwa, haingii.

Kisha ikaletwa roboti ya kusafisha, na binti wa kuiendesha, Riziki. Roboti haina hodi. Ilitambaa chini ya maji kutwa, ikigonga chuma ovyo, hata Tsuma akazizoea kelele zake.

Siku moja waya wa roboti ukajisokota kwenye rafadha. Riziki akaogopa kufukuzwa. Akamwendea Mbwarali: "Kaka, nisitiri. Nahodha asijue."

"Usilie, mdogo wangu. Mke wangu Mwanaidi kaapa, akisikia honi yetu gatini anabandika chungu. Nipe nyundo tumalize."

Akazama, akapiga hodi. Tsuma akasikia, akasema, "Lidude lile tena!" Mbwarali akangoja, akapiga tena. Kimya. Akaingia.

Papo hapo bandari ikaita: gati liko wazi, njooni sasa au mrudi nyuma ya foleni. Nahodha hakuuliza kama kuna mtu majini. Aulize nini, na siku hizi majini kuna mashine?

"Washa!"

Tsuma akawasha. Riziki akapiga ukelele, lakini wapi! Yaliyoelea juu, jamani, siwasimulii.

Sasa desturi ya mabaharia wale ni hii: aliyesababisha kifo ndiye humpelekea mjane nguo za marehemu. Wakazikunja, wakaziweka katikati yao.

Riziki akasema, "Nilimtuma, nakiri. Lakini injini sikuwasha mimi. Na yeye mwenyewe aliingia bila kuitikiwa!"

"Mimi niliamrishwa," akasema Tsuma. "Hodi niliisikia, Mungu anisamehe. Lakini tangu asubuhi chuma kinagongwa. Ningejuaje kwamba hii ni ya mtu?"

Nahodha akawafokea huku machozi yanamtoka. "Mlinificha! Ningeamuru vile kama ningejua yumo?"

Wote wasema kweli, na hilo ndilo balaa.

Meli ikaingia gatini, tumbo limesafishwa nusu. Honi ikalia. Wakafuatana watatu hadi nyumbani kwa Mwanaidi, nguo wakipokezana njiani, hakuna aliyetaka kufika nazo. Wakasimama mlangoni. Ndani wakasikia mwiko ukigonga chungu, na mwanamke akiimba peke yake.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu, msiiname. Mlango ndio huo. Je, nani kati yao apige hodi?