Ziwa la Raja Trilokchand

Palikuwa na raja huko Bara Hindi, jina lake Trilokchand, aliyeuamuru mji wake uache kukua mpaka wino wa ramani ukauke.

Mji wenyewe, Sonapatti, haukusikia. Viwanda vya nguo vilikuwa vimefunguliwa, na watu walimiminika kutoka mashambani na magodoro vichwani. Asubuhi ungepita uwanja mtupu; jioni ungeukuta mtaa, una hekalu, una msikiti, na watu wanagombania kona ya kuuzia sambusa.

Raja alijifungia ndani na mafundi wake wa ramani. Kutoka kwenda kuutazama mji alikataa. Alisema una watu wengi mno, ungemchanganya.

Ramani ilipokamilika ilipendeza kweli. Barabara zimenyooka, bustani za waridi huku na huku, na katikati ziwa la buluu lenye bata. Ziwa lilikuwa halijachimbwa, lakini Raja hakuwa mtu wa kungoja. Akapiga mbiu: kilichomo kwenye ramani kipo, kisichomo hakipo, na atakayesema vingine atafukuzwa mjini, awe nani awe nani.

Basi watu wakaishi kwa ramani. Wakifika penye daraja lisilokuwepo, wanainua miguu wanapanda, kisha wanashuka polepole. Mzee mmoja alikamatwa kwa kujisaidia penye bustani, akalazimishwa kuyaomba radhi maua. Na kule ziwani, kwenye vumbi, askari walisimama ukingoni kuwazuia watoto wasije wakazama.

Katikati ya ziwa hilo palikuwa na kibanda cha mjane aitwaye Phulmati, muuza chai. Marehemu mumewe alikuwa kinyozi wa wafiwa. Maana desturi ya kule ni hii: mwanamume akifiwa na mzazi au mtoto, hunyolewa kichwa na masharubu, abaki kama yai. Hakuna anayeikwepa. Raja mwenyewe alipofiwa na baba yake alinyolewa, akajificha ndani mpaka masharubu yaliporudi. Kinyozi yule alimwachia mkewe kibanda, binti anayenyonya, na sanduku la nyembe.

Phulmati akaamriwa ahame, kibanda kivunjwe, Raja apate kulifungua ziwa lake. Hakuhama. Akaitwa barazani. Akamweka mtoto kiunoni, akachukua sanduku, akaenda.

Mlangoni askari akamzuia. "Unatoka wapi?"

"Ziwani."

"Kamua nguo kwanza. Utalowesha zulia."

Phulmati akaikamua sari yake kavu. Askari akarudi nyuma kidogo asirushiwe maji, akampisha.

Ndani, Raja alikuwa amekaa na masharubu yake. Nasema na masharubu yake kwa sababu yalikuwa na watumishi wao, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, wakiyapaka samli.

"Wewe ndiye unayekaa ndani ya ziwa langu?"

"Ndiye mimi, Maharaja."

"Kwa nini hujahama?"

"Nangoja mashua."

Raja akacheka. "Mashua ya nini, bibi? Pale ni pakavu. Mbuzi wanapita."

Phulmati akamgeukia karani wa baraza. "Bwana karani, nisaidie, mimi sikusoma sana. Anayesema ziwa halipo, adhabu yake nini?"

Karani akakohoa. "Kufukuzwa mjini."

"Awe nani?"

"Awe nani awe nani," akasema karani, macho kwenye vidole vya miguu yake.

Raja akashika sharubu la kulia. "Nimesema leo limetulia. Halina mawimbi."

"Na mbuzi?"

"Wanaogelea."

"Nitawaambia umewasifu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya. Raja akakunja uso.

"Phulmati, usinichezee. Mimi ndiye baba wa kila mtu katika mji huu. Baba akisema hama, mtoto anahama."

"Baba yangu mimi hasa?"

"Wewe hasa."

"Mbele ya baraza lote?"

"Baraza lote ni mashahidi."

"Haya, baba. Mjukuu wako huyu hapa, hata meno hana. Mvua zinakaribia. Ukivunja kibanda, alale wapi?"

"Ramani ina mtaa wa wajane. Nyumba za ghorofa, zina roshani."

"Zimeshajengwa?"

"Zipo," akasema Raja kwa uangalifu.

"Kweli, nimepita asubuhi. Roshani zote zimelaliwa na nyati."

Sasa hata watumishi wa masharubu walikuwa wanauma midomo. Raja akafikiri. Akafikiri tena. Kisha uso ukamnyooka, akaegemea mito yake.

"Sikiliza, mwanangu. Ziwa lipo, umekubali. Lina kina kirefu, ramani inasema. Wewe umekaa katikati yake tangu mbiu ilipopigwa. Kwa hiyo ulizama zamani. Maiti hahitaji kibanda. Karani, andika: Phulmati amekufa maji. Kibanda kivunjwe leo hii."

Baraza likapiga makofi. Raja akatabasamu, masharubu yakapanda mpaka karibu na masikio.

Phulmati akamweka mtoto chini juu ya zulia, akafungua sanduku, akatoa bakuli, sabuni na wembe. Akaunoa wembe taratibu kwenye mkanda wa ngozi, kama alivyomwona marehemu akifanya.

"Unafanya nini wewe?" akauliza Raja.

"Pole kwa msiba, baba. Tuanze na kichwa, au masharubu?"