Kokoto za Tembo na Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na magari yao, kulikuwa na desturi: kila aliyenunua dumu la mafuta ya gari alipeleka kapu moja la kokoto kuziba mashimo ya barabara.

Kisha yakaja magari ya jua. Tembo akanunua, Nyati akanunua. Mafuta hawanunui, kokoto hawapeleki, na kutwa wako barabarani, vuuu, vuuu! Aliyebaki na kigari cha mafuta ni Kindi, maskini, akibeba kapu lake peke yake.

Kindi aliishi na bibi yake, mgonjwa wa mgongo. Kila alipompeleka kwa Kobe kukandwa, kigari kiliruka mashimoni, gudu-gudu-gudu, na bibi aling'ata khanga asilie. Siku moja akasema, "Mjukuu wangu, usinipeleke tena. Njia inaniumiza kuliko mgongo."

Kindi alilia sana siku hiyo.

Akawaendea wakubwa, akawaomba kila mmoja alete kokoto kwa kadiri ya mwendo wake. Tembo akasema yeye hatoki hata uani. Nyati akaapa kuwa gari lake limelala tu, kuku wanatagia humo.

Kesho yake Kindi akatangaza karamu ya pilau. Kwa mila yao, aliyesafiri zaidi ndiye hupakuliwa kwanza. Basi kila mgeni aje na kamba, fundo moja kwa kila safari ya mwezi ule.

Loo! Tembo akaja na mafundo tisini, Nyati themanini. Kindi alikuwa na manne, yote ya kwa Kobe.

"Ni kweli, baba Tembo?"

"Kweli tupu, mwanangu, naapa mbele ya wote. Pakua."

Kindi akampakulia sinia iliyojaa, kisha akaweka kapu tupu kando yake. "Kula ushibe, baba. Fundo moja, kapu moja la kokoto. Nami nitaleta manne yangu."

Tembo akatazama wageni waliomsikia akiapa. Akamwona pia bibi yake Kindi, ameegemezwa mito mkekani. Aibu ikamshika, akalichukua kapu. Nyati naye akalichukua lake.

Mwezi uliofuata Kindi alimpeleka bibi kwa Kobe. Njiani akatega sikio asikie akiguna. Kimya. Akageuka kwa hofu: bibi amelala usingizi wa pono, khanga imemdondoka mdomoni.

Basi wanangu, njia humdai anayeikanyaga, hata kama gari lake halinywi mafuta.