Kuku wa Moshi wa Mwalimu Zephaniah

Kuna vitu ambavyo mtu hawezi kuvipata akiwa amesimama wima, hata awe na cheo gani. Sindano ikiangukia chini ya kitanda, hakimu ataifuata kwa magoti kama vile anavyoifuata mchunga mbuzi. Mwalimu Zephaniah wa Mghange aliyajua haya vizuri, maana kwa miaka thelathini na minne aliwafunza watoto wa watu adabu na unyenyekevu. Ila kujua ni jambo moja na kutenda ni jingine, na hayo mawili alichelewa mno kuyakutanisha.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi na kauli isiyorudi nyuma. Akisema leo ni Jumatano, wenye kalenda walizificha. Mkewe, Wakio, alimchukulia hivyo hivyo hadi siku alipofariki. Tangu mazishi yake, binti yao wa pekee, Sharon, aliyekuwa akifundisha Chala, upande wa Taveta, hakuwa amekanyaga nyumbani. Baba akimpigia simu, alipokea, akajibu salamu, kisha akasema ana kazi.

Chanzo cha ubaridi huo kilijulikana na watu watatu tu. Wakio alipougua, Sharon alipiga simu mara tatu akitaka kuja kumpeleka mama yake hospitalini. Mara zote tatu Zephaniah alimkataza. Alisema ni homa ya baridi tu, na kwamba mwenye mji ni yeye. Siku ya nne Wakio alizidiwa, akakata roho garini wakiteremka kwenda Voi. Kwenye mazishi, watu walipoanza kunong'ona kwa nini mgonjwa alikawizwa, Zephaniah alisimama kando ya kaburi akasema kwamba marehemu alikufa akimtazamia mwanawe, naye mwana hakuwa na nafasi ya kuja. Maneno yale yalimtoka kwa hofu, lakini yalimtoka. Waombolezaji wote walimgeukia Sharon. Alitia udongo wake kaburini, akachukua mkoba, akaondoka.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia, na ibada ya kumbukumbu ilipangwa Jumamosi. Sharon alikubali kuja, kwa ajili ya mama yake, alisema hivyo waziwazi. Hata hivyo moyo wa mzee uliruka. Kila shule zilipofungwa, Wakio alikuwa akimkaushia binti huyo kuku mzima kwa moshi, na Sharon alikuwa akimaliza paja kabla ya kuvua viatu. Zephaniah akaamua kwamba mwaka huu kuku huyo ataandaliwa na mikono yake mwenyewe. Alitaka kuku aseme yale yaliyoushinda mdomo wake.

Shida ni kwamba jikoni hakukujua. Jumanne alimchinja jogoo mmoja wa kujaribia, akamnyonyoa nusu nusu, akampaka chumvi juu ya ngozi, akamtundika kwa waya kwenye uchaga ulio juu ya mafiga. Kuni alizozipata karibu zilikuwa za mkaratusi, kavu kabisa, naye akazisukuma zote kwa pamoja. Moto ukaruka kama umetukanwa. Baada ya saa moja ngozi ilikuwa nyeusi, naye akasema kazi imekwisha. Alipopitisha kisu, damu ilikuwa bado mbichi mfupani, na nyama nzima ilinuka kama maji ya kujifukizia mafua. Mbwa alirushiwa kipande, akakinusa, akamtazama mwalimu, akaenda zake.

Mtu mmoja tu pale kijijini angeweza kumfundisha. Rachel, jirani yake ambaye wengi humwita Mama Lewis, alikuwa rafiki wa Wakio tangu usichana, na kupika kuku wa moshi walijifunza pamoja. Lakini Rachel ndiye aliyekuwa akimwuguza Wakio simu zile zilipopigwa. Wiki moja baada ya mazishi alimjia Zephaniah uani akamwambia arekebishe aliyoyasema, kabla hayajaota mizizi. Zephaniah alimwonyesha lango. Tangu hapo walipitana njiani kama watu wa nchi mbili.

Jumatano alipita mbele ya nyumba ya Rachel mara mbili, akijifanya anatafuta mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa nyumbani. Alhamisi alijikaza akabisha. Rachel alikuwa jikoni, kwenye kibanda chenye mlango mfupi, akiambua maharagwe.

"Mama Lewis," alisema akiwa bado nje, "nimekuja unifundishe kuku wa moshi. Sharon anakuja."

Rachel hakuinua macho. "Karibu, Mwalimu. Lakini kazi ya jiko hufundishwa jikoni. Siwezi kukufundisha ukiwa umesimama huko nje."

Zephaniah alivua kofia, akainamisha kichwa, akaingia. Alikalishwa kwenye kigoda ambacho magoti yake yalilalamika kukiona. Rachel alimweleza kila kitu kwa utaratibu, bila kumsimanga. Kuku alazwe usiku kucha katika maji ya chumvi, ndimu na tangawizi, ili chumvi imfikie mfupani. Asubuhi apanguswe na kuachwa apigwe na upepo, kwa sababu moshi haushiki ngozi yenye maji. Kuni ziwe za mpera, na magunzi ya mahindi ya kufukiza. Moto usiwake, ufuke tu, tangu asubuhi hadi mchana upinduke. Paja likichomwa kijiti na maji yakatoka meupe, ameiva. Yakiwa na wekundu, arudishwe, hata kama wageni wameshaketi.

"Na usimwache," Rachel aliongeza. "Moto wa namna hii ni wa kukaa nao chini. Ukisimama, ukaenda kusoma gazeti, utarudi ukute umewaka au umekufa."

Zephaniah alishukuru, akainuka. Hapo ndipo Rachel alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ya kuku nimekupa yote. Lile jingine halipikwi, Mwalimu, na unalijua."

Mzee alijitia kutafuta kofia, nayo alikuwa ameishika mkononi.

Ijumaa usiku alimlaza kuku katika maji ya chumvi, na Jumamosi alianza kazi jua likichomoza. Alikaa chini ya uchaga saa baada ya saa, akipuliza magunzi, akivuta nyuma kila kuni iliyotaka kuwaka. Kiuno kilimuuma. Moshi ulimwingia machoni na kooni. Akawa anafikiri jinsi Wakio alivyochutama hapa hapa miaka yote ile, huku yeye akiita kutoka sebuleni kuuliza mbona chakula kinachelewa. Hakuwahi hata siku moja kuja kuangalia kilichokuwa kikimchelewesha. Machozi yalimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuyafuta.

Ulipofika mchana, kuku alikuwa na rangi ya asali. Alichoma paja kwa kijiti, maji yakatoka meupe. Zephaniah alijisikia kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Wageni walikuja kama kumi na wawili, wengi wao wale wale waliosimama kaburini mwaka uliopita. Rachel alikuwa miongoni mwao. Sharon aliwasili akiwa na kitambaa cheusi kichwani, akamsalimu kila mtu kwa mkono, baba yake pia, na mkono huo haukukaa mkononi mwake. Ibada ilipokwisha, Zephaniah alimkata kuku mwenyewe, watu wakitazamana, akamtengea binti yake paja. Sharon alionja. Akaacha kutafuna kidogo, macho yakamlenga machozi.

"Ni kama wa Mama," alisema.

Mzee alishusha pumzi. Alidhani mto umevukwa. Akaanza kuwahimiza watu wajisogeze kwenye mihogo, akauliza mvua za Taveta zikoje, akacheka peke yake. Sharon akaiweka sahani chini.

"Baba, kuku ni mtamu. Lakini mwaka mzima sikulilia kuku."

Watu waliacha kula. Zephaniah angeweza kusema kwamba mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani, na hakuna mzee pale ambaye angemlaumu. Alimtazama Rachel, naye Rachel alikuwa ameinamia sahani yake. Basi akasimama, kwa mazoea tu, kama mwalimu mbele ya darasa, mikono mgongoni. Akafungua kinywa. Maneno aliyoyataka hayakuwa huko juu.

Ndipo alipopiga magoti mbele ya kiti cha mwanawe. Si jambo linaloonekana kila siku, mzee mwenye mvi kumpigia magoti mtoto aliyemzaa. Jirani mmoja alinyanyuka kwenda kumwinua, Rachel akamshika mkono akamketisha.

"Mliomzika mke wangu mpo hapa," alisema Zephaniah. "Siku ile niliwaambia Sharon hakuwa na nafasi ya kuja. Nilidanganya. Alipiga simu mara tatu, nami nikamkataza mara tatu. Aliyemchelewesha Wakio ni mimi. Mwanangu, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu hawa hawa nakuomba radhi."

Sharon hakumwinua upesi. Alimwacha pale kwa muda, kwa sababu mwaka ni mrefu kwa mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake. Kisha naye alitelemka kutoka kitini, akaketi sakafuni kando ya baba yake, akalia kilio ambacho siku ya mazishi alikimeza. Zephaniah hakumwambia anyamaze. Sharon alipomaliza, aliivuta ile sahani, akanyofoa kipande cha nyama, akampa baba yake mkononi.

"Kula, Baba. Tangu asubuhi hujaonja jasho lako."

Walikula wakiwa wamekaa pale pale chini, na hakuna aliyewaambia warudi vitini. Usiku huo Sharon alilala nyumbani. Mwaka mzima Zephaniah alikuwa amemtafuta mwanawe akiwa amesimama, kwa simu, kwa salamu na hatimaye kwa kuku, asimpate. Alipopiga magoti alimpata. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.